Anayelalamika Kwanza Ndiye Mwenye Mali

Nimechoka na semina za hakimiliki. Labda nawe umekaa kwenye moja: ukumbi wa hoteli katikati ya jiji, chai ya saa nne na mandazi mawili, mtaalamu na projekta yake, na sisi tunaouza hereni, vidoli vya kroshia, kadi, mishumaa na mikoba mtandaoni tumejipanga kwenye viti vya plastiki tukinakili. Ujumbe huwa ule ule. Usichore Mickey Mouse. Usiweke nembo ya Arsenal kwenye kikombe. Usitoe mchoro Pinterest ukauita wako. Kisha tunapigwa picha ya pamoja, tunarudishiwa nauli ya matatu, na kila mtu anarudi Umoja au Rongai akiamini kwamba kama hajaiba, yuko salama.

Hayuko salama, na hapo ndipo ugomvi wangu unapoanzia. Kwa muuzaji mdogo, hatari kubwa ya hakimiliki si kwamba ataiba. Ni kwamba ataambiwa ameiba, soko litamwamini aliyesema, na bidhaa itakuwa imeondolewa kabla hajaamka kupiga mswaki. Masoko haya hayaulizi nani alitengeneza. Yanauliza nani amelalamika kwanza.

Tuangalie mashine yenyewe, maana watu wengi hudhani huko ndani kuna kitu kama mahakama. Hakuna. Masoko makubwa ya kazi za mikono yako Marekani, au yanafuata mtindo wa Marekani. Etsy, ambalo ndilo watu hulitaja kwanza, lilianzia Brooklyn mwaka 2005. Kwa hivyo sheria inayoamua kama hereni zako zitabaki mtandaoni leo jioni haikupitishwa na Bunge letu. Ni sheria ya Marekani ya mwaka 1998, inayojulikana kwa kifupi kama DMCA. Mpango wake ni rahisi: soko halitawajibika kwa wizi wa hakimiliki unaofanywa na wauzaji wake, mradi likipata malalamiko liondoe bidhaa haraka. Anayelalamika hatakiwi na sheria kuonyesha cheti. Anaandika kazi yangu ni hii, bidhaa inayoinakili ni ile, anwani yangu hii, sahihi yangu hii, na naamini kwa nia njema kwamba matumizi haya hayana ruhusa. Basi. Imetoka.

Sasa jiweke kwenye kiti cha soko. Ukiondoa bidhaa ya mtu wa Kayole ambayo haikuwa na kosa lolote, unapoteza nini? Kamisheni ya dola moja na ushei. Ukiiacha, na kumbe ilikuwa na kosa, unaweza kushtakiwa na kampuni yenye mawakili wa kujaza basi. Tena sheria hiyo hiyo inakukinga dhidi ya muuzaji: ukiondoa kwa nia njema, hawezi kukudai kwa sababu tu ulimkosea. Nani angesita? Mimi mwenyewe ningebonyeza “ondoa” huku nikinywa chai.

Kuna njia ya kujibu, ndiyo. Inaitwa notisi ya kupinga, na ukiisoma vizuri utaelewa kwa nini watu wengi hawaitumi. Unaandika jina lako kamili, anwani yako na nambari ya simu, na hayo yote yanapelekwa kwa yule aliyekushtaki. Unaapa, adhabu ya kiapo cha uongo ikiwa juu ya kichwa chako, kwamba unaamini bidhaa iliondolewa kimakosa. Halafu unakubali kwamba mahakama ya shirikisho ya Marekani ina mamlaka juu yako. Wewe, wa Kayole, ambaye hata visa hujawahi kuomba. Ukishatuma, bidhaa inarudishwa baada ya siku 10 hadi 14 za kazi, isipokuwa mlalamishi aende kortini. Siku 14 za kazi ni karibu wiki tatu. Zikiangukia Desemba, msimu umeenda.

Ona pia jinsi viapo hivi viwili visivyolingana. Mlalamishi anaapa chini ya adhabu juu ya jambo moja tu, kwamba ana idhini ya kusema kwa niaba ya mwenye haki. Imani yake kwamba wewe ni mwizi haiko chini ya adhabu hiyo. Imani yako kwamba wewe si mwizi iko. Na akidanganya? Sheria inasema anaweza kulipa hasara, lakini lazima uonyeshe kwamba alijua anadanganya. Kuna kesi maarufu ya mama aliyepakia video fupi ya mtoto wake akicheza dansi huku wimbo wa Prince ukisikika kwa mbali. Kesi ilianza 2007. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa ikasema kwamba kabla ya kulalamika, kampuni lazima ifikirie kama matumizi hayo ni halali. Tukashangilia. Lakini mahakama hiyo hiyo ikasema kwamba mlalamishi akifikiria na akakosea kwa dhati, basi kosa si kosa. Miaka minane kortini kupata jibu hilo, na huyo alikuwa raia wa huko huko, mwenye mawakili wa kujitolea.

Kwangu hii si nadharia. Natengeneza hereni za shaba zenye umbo la jani la mgomba lililochanika, lile jani ambalo upepo umelipitia likabaki vipande vipande. Nachora mimi, anakata fundi mmoja wa Gikomba, nasugua na kufunga mimi. Siku moja nikapata barua pepe kutoka soko ninalouzia: bidhaa yako imeondolewa kufuatia malalamiko ya mwenye haki. Mwenye haki alikuwa duka lililochukua picha zangu, likauza hereni za bati zilizopakwa rangi ya dhahabu, kisha likalalamika kwamba mimi ndiye ninayenakili. Picha zilikuwa zangu kiasi kwamba ukikuza moja unaona kucha zangu na kona ya kochi la mamangu. Angalia neno lililotumika: “mwenye haki”. Si mlalamishi, si anayedai. Hukumu ilikuwa imeshapita ndani ya salamu.

Nilikuwa na picha asili simuni zenye tarehe na saa. Nilikuwa na daftari la michoro. Nilikuwa na ujumbe wa WhatsApp nikibishana na fundi kuhusu unene wa shaba, mwaka mzima kabla ya duka lile kufunguliwa. Fomu haikuwa na mahali pa kuweka hata kimoja. Nilipomweleza fundi, aliweka mkasi chini akaniuliza, “Sasa madam, huyo mtu aliyeamua, alikuja hapa lini?” Nikamwambia hakuja. Pengine hakuwa hata mtu. Akacheka, lakini si kicheko cha furaha, kwa sababu oda yake ya jozi 60 ndiyo iliyokuwa imesimama.

Nilituma notisi ya kupinga. Hereni zilirudi baada ya siku 12 za kazi, zikiwa zimeshuka hadi ukurasa ambao hakuna mnunuzi anayefika. Na kuna jambo linaloniudhi kuliko hasara yenyewe: sheria ile inalitaka soko liwe na utaratibu wa kuwafukuza wanaorudia makosa, na haisemi kurudia ni mara ngapi. Kila soko linahesabu linavyotaka. Kwa hivyo lalamiko la uongo haliondoi bidhaa tu, linaweza kukuachia alama. Mshindani mwenye subira anahitaji fomu tatu nne hivi kukuua kibiashara, na hakuna hata moja inayomgharimu shilingi.

Hiyo ndiyo njia ya upole. Njia kali inapitia Chicago.

Pale kwenye mahakama ya shirikisho ya kaskazini mwa Illinois, mawakili wamejenga biashara nzima ya kushtaki wauzaji wa mtandaoni kwa mafungu, makumi au mamia ndani ya kesi moja. Majina ya washtakiwa hayaandikwi mbele. Yanawekwa kwenye orodha ya nyuma, Jedwali A, ambayo mara nyingi hufichwa mwanzoni. Jaji anaombwa amri ya dharura bila kuwasikia washtakiwa. Akaunti zinagandishwa. Hapo ndipo unapata barua pepe kukujulisha kwamba kuna kesi. Usipojibu, hukumu inatoka ukiwa hupo. Walengwa wengi ni wauzaji wa bidhaa feki kutoka China, na sitajifanya kuwatetea. Lakini wavu ni wavu, haumwulizi samaki jina.

Mwaka 2023 wavu huo ulimnasa mwanamke mmoja wa Florida, mgonjwa wa moyo. Alikuwa ametengeneza vikombe vya kubebea vinywaji vinavyomhusu Luke Combs, mwimbaji wa muziki wa kantri, akauza 18, akapata takriban dola 380. Habari ya kesi ilimfikia kwa barua pepe, naye wakati huo alikuwa mtu wa hospitali. Mahakama ikaamuru alipe dola 250,000. Dola 5,500 zilizokuwa kwenye akaunti yake ya Amazon zikafungwa. Combs mwenyewe aliposikia kwenye habari alisema hakujua, akaomba radhi hadharani, akaahidi kumtumia dola 11,000 na kuuza vikombe vyake mwenyewe ili zimsaidie na bili za hospitali.

Watu husimulia kisa hicho kama hadithi ya msanii mwenye roho safi. Roho yake ni safi, sawa, lakini mimi kinachonitia baridi ni kingine: mwenye mali hakujua kwamba mali yake inadai. Mashine ilimshtaki mtu kwa jina lake akiwa amelala. Na usiniambie kwamba yule mama alikosea kutumia jina la msanii bila ruhusa. Alikosea. Hata ukikubali hivyo, dola 250,000 kwa vikombe 18 ni karibu dola 13,900 kwa kikombe kimoja. Yeye alipata bahati kwamba aliyemkosea ana haya. Ukinaswa wewe kwa kidoli cha Spider-Man ulichofuma kwa kroshia ukiwa Kitengela, nani ataona haya kwa niaba ya Marvel?

Kesi za namna hii huchanganya hakimiliki na alama za biashara, na semina zetu hupenda kuzitia kapu moja, “mali ya ubunifu”, tukaenda mapumziko. Tofauti yake inauma. Ile notisi ya kupinga niliyoilalamikia hapo juu, mbovu jinsi ilivyo, ni ya hakimiliki pekee. Ukishtakiwa kwa alama ya biashara, sheria ile haikupi hata hiyo. Soko likikuondoa, mara nyingi linakuambia uzungumze na aliyekulalamikia, yaani ukamwombe msamaha yule aliyekufungia, akubali kukufungulia.

Na hapo sisi Waswahili tuna kisa chetu. Disney iliomba Marekani isajili “Hakuna Matata” kama alama ya biashara ya nguo mwaka 1994, mwaka ule ule wa The Lion King, na ikapewa 2003. Them Mushrooms walikuwa wameshayaimba maneno hayo ndani ya Jambo Bwana mwanzoni mwa miaka ya 80, na nyanya zetu walikuwa wameshayasema kabla ya hapo bila kudai mrabaha. Mwaka 2018 maelfu ya watu walitia sahihi ombi la kuitaka Disney iachie. Sasa tusidanganyane: alama hiyo haikuzuii kusema hakuna matata, wala haimfukuzi anayeuza tisheti ufukweni Diani. Lakini ipakie tisheti hiyo kwenye soko la Marekani, halafu ikiondolewa, wewe mzaliwa wa Likoni ndiye utakayepaswa kueleza kwa Kiingereza kwa nini lugha yako ni yako. Hata kikoi kilinusurika tu. Katikati ya miaka ya 2000 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno “Kikoy” kule kwao, shirika la Traidcraft likapinga, ombi likaachwa. Kama lisingekuwepo shirika la Uingereza lenye muda na wakili, sijui mfumaji gani wa huku angejua kwamba tarehe ya kupinga inapita.

Usinielewe vibaya kwamba nasema sisi ni watu wa ujamaa wa sanaa tusiojua “changu” na “chako”. Huo ni upuuzi wa kitalii. Nenda Biashara Street, Mombasa, ukunjue leso ya K.H.E., usome maandishi madogo: Mali ya Abdulla. Wafanyabiashara wa leso walijua kuweka jina kwenye mali zamani sana, kabla mtu yeyote hajaota intaneti. Lakini tazama kilichowekewa jina. Ni chapa ile, mchoro ule, toleo lile. Pindo si la Abdulla. Mji si wa Abdulla. Desturi ya kuandika jina, ule msemo wa kumchoma jirani, si ya Abdulla. Kila duka mtaani lilitumia muundo huo huo, na kila mama alijua kutofautisha mchoro wa duka hili na la pili akiwa mbali.

Hiyo ndiyo akili ambayo fomu ya malalamiko haina. Kila kazi ya mkono ina sehemu ya mtu na sehemu ya watu. Kusuka kiondo ni kwa watu; mchoro wako wa ndege watatu katikati ya kiondo ni wako. Kola ya shanga ya Kimaasai ni ya watu. Mpangilio uliobuni wewe baada ya kuharibu nyuzi kumi ni wako. Sheria nzuri inalinda sehemu ya mtu na kuiacha sehemu ya watu ipumue. Fomu haiulizi. Inakubali picha mbili zinazofanana, na kwenye kazi za mikono, bana, karibu kila kitu kinafanana na kitu. Kwa hivyo wa kwanza kulalamika anaweza kuibeba sehemu ya watu nzima, akaiita yake, na wengine wote wakawa wanakili.

Upande wa pili hauna mlango kabisa. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 11, inataka Bunge litunge sheria ili jamii zilipwe zinapotumiwa tamaduni zao. Bunge likatunga, mwaka 2016, sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Vizuri sana. Sasa ipeleke sokoni. Fomu ina mahali pa jina la mwenye haki, haina mahali pa kuandika “Wamaasai”. Louis Vuitton ilipopitisha jukwaani mirabaraba ya shuka kwenye mavazi yake ya wanaume ya msimu wa kiangazi wa 2012, hakukuwa na kitufe cha mtu wa Kajiado kubonyeza. Kitufe kipo, ila kinashuka tu, hakipandi.

Najua kuna watakaosema: na nyinyi je, si mnaibana wenyewe kwa wenyewe? Tunaibana, na sana. Jumamosi nenda Maasai Market kwenye maegesho ya mahakama, pale katikati ya jiji. Chini ya kuta za majaji kuna meza ishirini zenye bangili ile ile, na kila muuzaji atakuapia kwamba yeye ndiye aliyeanza. Sisemi pale ni peponi. Mabroka wa pale wanajulikana na asilimia zao zinajulikana. Lakini nimeona ugomvi wa ubunifu ukitokea pale. Mama mmoja anamwendea mwenzake: “Dada, hii ni yangu, hata shanga umenunua kwa yule yule.” Wanapigizana kelele, wengine wanaingilia, anayejua historia anasema, mmoja anashusha bei au anabadilisha rangi. Hakuna aliyefunga meza ya mwenzake kwa kupeleka karatasi kwa mtu asiyewajua wote wawili. Sidai soko la mtandaoni liwe na dada wa kupigiana kelele. Nadai liwe na mtu mmoja anayesikiliza pande zote kabla ya kufunga.

Wengine watasema, uza Instagram, achana na Wazungu na dola zao. Kwanza, Instagram nayo ni kampuni ya Marekani na fomu ni ile ile. Pili, hereni ninazouza shilingi 600 Nairobi, mnunuzi wa Oslo analipa dola 18 bila kuomba bei ya mwisho. Mtu asinifundishe uzalendo juu ya kodi ya nyumba.

Kitu kinachonikera zaidi ni kwamba sheria yetu si mbovu. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inataja wazi kazi za ufundi wa mikono kama kazi za sanaa. Haihitaji usajili ili ulindwe. Ulinzi unadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Marekebisho ya 2019 yalileta utaratibu wetu wa notisi za kuondoa, na yakafanya jambo la busara: kupeleka notisi ya uongo au ya hila ni kosa la jinai. Bunge letu, kwa mara moja, lilimfikiria mlalamishi mwongo. Lakini duka lako liko Brooklyn, mlalamishi yuko kusikojulikana, na sheria hiyo nzuri imekaa kabatini.

Kwa hivyo KECOBO, badala ya semina nyingine ya Mickey Mouse, itupe dawati. Dawati moja, na wakili mmoja anayejua fomu za masoko haya kama makanga anavyojua stejini. Mkenya akifungiwa bidhaa, apeleke picha zake asili, daftari lake, risiti za fundi; dawati liangalie, lipige muhuri, limsaidie kuandika notisi ya kupinga, na lihifadhi majina ya maduka yanayolalamika kila mara. Usajili wa kazi upo mtandaoni tayari, na ingawa si lazima kisheria, fomu hupenda karatasi, basi tuwape karatasi. Kwa anayeuza sana Marekani, nakereka kusema hivi lakini ni kweli: kusajili kazi moja kule huanzia dola 45, na bila usajili wa mapema huwezi kudai ile fidia ya kisheria inayowafanya watu wa kule wakuogope. Ipo pia tangu 2022 bodi yao ndogo ya madai ya hakimiliki, inayosikiliza hata kesi za notisi za uongo, ila unayemshtaki ana ruhusa ya kujitoa, kwa hivyo usiiwekee matumaini ya mwisho.

Na masoko yenyewe yasituambie ati yenyewe ni ubao wa matangazo tu. Ubao hauchukui asilimia. Aprili 2022 Etsy ilipandisha ada yake ya mauzo kutoka asilimia 5 hadi 6.5, na maelfu ya wauzaji wakagoma wiki nzima, maduka yakiwa yamefungwa. Ada iliwaunganisha watu wa nchi tofauti ambao hawajawahi kuonana. Fomu hii nayo inaweza kutuunganisha. Tudai mambo ambayo hayahitaji kubadilisha hata herufi moja ya sheria ya 1998: lalamiko likithibitika kuwa la uongo, alama ifutwe kwa aliyesingiziwa na iwekwe kwa aliyesingizia. Barua pepe ya kwanza iniite muuzaji, na yule imwite mlalamishi. Kukiwa na mzozo juu ya bidhaa moja, pesa za bidhaa nyingine kumi zipite, kwa sababu fundi hali malalamiko. Na kwenye fomu waongeze sanduku moja tu, pande zote mbili zilijaze: ambatanisha picha asili kutoka kwenye kamera yako. Duka lile lililonishtaki lingekwama hapo. Kucha zilikuwa zangu.